Mwisho wa Reli: Zaidi ya Miaka 110 ya Stesheni ya Kigoma na Malazi ya Msafiri

Stesheni ya Tokyo ilifunguliwa Desemba 1914, na mwaka uliofuata hoteli ikafunguliwa ndani ya jengo hilohilo: mgeni anashuka kwenye behewa, anapanda ghorofani, analala. London waliuzoea mtindo huo tangu 1873, Hoteli ya Midland Grand ilipoanza kupokea wageni mbele ya stesheni ya St Pancras. Hoteli hiyo ilifungwa mwaka 1935, ikafunguliwa tena 2011 kwa jina jingine, na hadi leo wapo wanaolipa fedha nyingi ili walale juu ya reli.

Kigoma ni rika la Tokyo. Reli ya Kati iliwasili hapa tarehe 1 Februari 1914, miezi kumi kabla ya Wajapani kufungua milango yao. Lakini hoteli ya ndani ya stesheni haikujengwa. Malazi ya reli yetu yalitandazwa njiani: vitanda vya behewani, Railway Hotel za Dodoma, Tabora na Kigoma, kisha vyumba vya meli ya Liemba mtu akishaiacha nchi kavu. Kwa miongo mingi msafiri aliyetoka Dar es Salaam kwenda Mpulungu, Zambia, aliweza kulala kila usiku wa safari chini ya dari la shirika lilelile. Historia ya stesheni yetu inaeleweka vizuri zaidi ikisomwa hivyo, kwa kufuata mahali msafiri alipolala.

Kabla ya 1914: Ujiji na safari ya miezi

Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Ziwa Tanganyika Februari 1858. Henry Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871, akamkuta David Livingstone Ujiji Novemba mwaka huohuo. Hao ni watu waliokuwa na fedha, bunduki na wapagazi. Mpagazi mwenyewe, mara nyingi Mnyamwezi, aliitembea njia hiyohiyo na mzigo wa frasila mbili, yaani kilo thelathini na ushei, begani au kichwani. Wengine waliitembea wakiwa wamefungwa minyororo, wakipelekwa pwani kuuzwa. Njia hiyo ya pembe na watumwa, kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia.

Njiani msafara ulilala kambini, ndani ya ua wa miiba. Ukifika Ujiji ulipokewa katika nyumba za watu. Mji huo wa Wajiji, Wamanyema, Waswahili wa pwani na Waarabu ulikuwa na kawaida yake ya kupokea wageni: mgeni alikaribishwa barazani, akapewa maji, akaulizwa habari za njiani kabla ya kuulizwa shida yake. Livingstone aliishi humo katika tembe lenye baraza, na ni hapo alipouguzia afya yake baada ya kurudi kutoka Manyema akiwa amedhoofu. Kabla ya kuwa na hoteli, mwambao huu ulikuwa na baraza, na baraza ilitosha.

Kilichopungua kilikuwa bandari. Ujiji iko ufukweni penye maji ya kina kifupi, na maji hayo yalizidi kurudi nyuma baada ya Mto Lukuga kufunguka upande wa Kongo mwishoni mwa miaka ya 1870 na kushusha kina cha ziwa. Kilomita chache kaskazini palikuwa na ghuba yenye vilima pande zote na kina cha kutosha meli kubwa kukaribia nchi kavu. Wajerumani walipotafuta pa kumalizia reli, wahandisi hawakuhitaji kubishana sana. Ujiji ilikuwa na watu na jina, Kigoma ilikuwa na maji. Wakachagua maji. Wazee wa Ujiji wana haki ya kukumbusha, kama wanavyofanya hadi leo, kwamba mji wao ulikuwa mji wakati Kigoma bado ni ghuba tu.

1905–1914: Reli yashuka ziwani

Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, chini ya kampuni ya Kijerumani ya reli ya Afrika Mashariki, na kazi yenyewe ikafanywa na Philipp Holzmann wa Frankfurt. Waliokuwa wakiwasukuma ni jirani zao. Reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilikuwa imeshafika Ziwa Viktoria mwaka 1901 na kuanza kuvuta mizigo ya Kanda ya Ziwa kwenda Kenya. Wajerumani waliogopa kwamba mali ya Kongo ya mashariki nayo ingepata njia nyingine. Reli ikafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912. Kutoka Tabora ilikata nchi ya miombo kupitia Urambo, Kaliua na Nguruka, ikavuka Malagarasi, ikapita penye visima vya chumvi vya Uvinza vilivyochimbwa karne nyingi kabla ya reli, kisha ikateremka hadi ziwani. Ni takriban kilomita 1,250 za reli yenye upana wa mita moja.

Kazi ilifanywa na maelfu ya Waafrika, Wanyamwezi na Wasukuma wakiwa wengi miongoni mwao, chini ya wakandarasi wadogo ambao kadhaa walikuwa Wagiriki. Kuna jambo la kuhuzunisha hapo ambalo vitabu vya sherehe hulipita haraka. Wanyamwezi ndio waliokuwa mabingwa wa upagazi kwa vizazi, na kwa mikono yao wenyewe walitandika mataruma yaliyoiua kazi hiyo.

Jengo la stesheni lilijengwa kwa heshima ambayo mji wenyewe ulikuwa bado haujaistahili. Ni la ghorofa, lina matao marefu yanayoleta kivuli, na kuta nene zinazozuia joto la mchana. Limekaa chini kabisa, mahali barabara kuu ya mji inapoishia. Anayeteremka Barabara ya Lumumba kutoka Mwanga, chini ya miembe, huliona jengo kwanza, ziwa baadaye. Mtu anayejenga stesheni ya namna hiyo kwenye ghuba isiyo na mji anatangaza kwamba mji unakuja.

Zama hizo ndizo zilizotuachia pia Nyumba ya Kaiser, ambayo sasa ni Ikulu ndogo. Husimuliwa kwamba ilijengwa ili Kaiser Wilhelm II afikie hapo akija kuwinda, na kwamba handaki linaiunganisha na stesheni ili mfalme asionekane akipita. Handaki nawaachia wasimulizi. Kaiser hakukanyaga Kigoma. Mwezi Agosti 1914, Dar es Salaam ikiwa imeandaa maonyesho makubwa ya kusherehekea kukamilika kwa reli, vita vikalipuka Ulaya na wageni wa heshima hawakuja. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya mgeni mmoja ikabaki bila mgeni wake. Nafikiri hilo ndilo jengo la kwanza la malazi ya kifahari Kigoma, na wageni wake wote waliokuja baadaye walikuwa wengine kabisa.

1914–1921: Stesheni katika vita

Mmoja wa mizigo mikubwa iliyofika kwa treni Kigoma ulifika vipande vipande. Meli Graf von Goetzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa msumari kwa msumari na kufungwa katika masanduku yapatayo 5,000. Yalisafirishwa hadi Dar es Salaam kwa meli, kisha yakapakiwa kwenye mabehewa. Mafundi watatu kutoka Papenburg, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, walikuja nayo, na pamoja na vibarua na mafundi waliopatikana hapa waliiunga upya. Iliteremshwa majini tarehe 5 Februari 1915, vita vikiwa tayari vinaendelea ziwani.

Ndege za Wabelgiji zilirusha mabomu Kigoma katikati ya mwaka 1916. Jeshi lao lilipokaribia, Wajerumani waliamua kuiacha bandari. Mafundi wa Goetzen waliamriwa waizamishe meli yao. Waliipaka mitambo grisi nzito kila mahali, kisha Julai 26 wakaizamisha taratibu karibu na mdomo wa Malagarasi, wakitumaini kwamba siku moja mtu ataiibua. Siku mbili baadaye Wabelgiji waliingia Kigoma. Wajerumani walikuwa wanarudi nyuma kwa reli kuelekea Tabora huku wakivunja madaraja nyuma yao, na Tabora nayo ikaanguka Septemba.

Kwa karibu miaka mitano stesheni ilikuwa ya Wabelgiji. Waliibua ile meli, lakini mwaka 1920 dhoruba ikaizamisha tena. Machi 1921 waliukabidhi mji kwa Waingereza. Hata hivyo hawakuondoka kabisa. Kwa mkataba wa mwaka huo walipewa eneo la bandari Kigoma na jingine Dar es Salaam kwa pango la faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo, Rwanda na Burundi ipite bila vikwazo. Mpaka wa Kongo ya Wabelgiji ukawa, kwa namna fulani, umeingia hadi gatini kwetu.

1921–1948: Tanganyika Railways na kurudi kwa meli

Waingereza waliiibua meli tarehe 16 Machi 1924. Grisi ya Wajerumani ilifanya kazi yake. Mitambo iliyozama mara mbili ilikuwa bado inafaa kutumika. Mei 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, na tangu hapo ratiba ya stesheni na ratiba ya meli zilisomwa pamoja. Treni ikichelewa, mkuu wa gati alisubiri. Meli ikichelewa, stesheni masta ndiye aliyelaumiwa na abiria waliolala kwenye benchi zake.

Kwenye Liemba abiria wa daraja la juu alipata chumba chake na kitanda chake, wengine wakapata sitaha. Vijiji vingi vya mwambao havikuwa na gati. Meli ilisimama mbali, ikapiga honi, na mitumbwi ikaja kwa wingi ubavuni kupakia na kupakua: magunia ya dagaa, madebe ya mawese, wanawake wenye watoto mgongoni wakivutwa mkono kupanda kwenye mlango wa pembeni. Hali hiyo haikubadilika sana kwa miaka tisini iliyofuata.

Upande wa nchi kavu, tawi la Mwanza lilifunguliwa 1928, na Tabora ikawa njia panda. Kuanzia hapo safari ya Kigoma ikapata usiku wake wa kipekee. Treni kutoka Dar es Salaam ilikatwa Tabora. Mabehewa ya Mwanza yakaenda huku, ya Kigoma yakaenda kule. Abiria aliyelala aliamshwa na mshtuko wa mabehewa yakigongana, sauti za wafanyakazi wa yadi zikipita chini ya dirisha na taa zao za mkono, kisha kimya cha saa nyingi, kisha mshtuko mwingine. Aliyezoea hakuamka. Mgeni alifikiri pametokea ajali.

Mji mdogo wa stesheni uliota kuzunguka huduma hizo. Waliokuwepo ni stesheni masta na makarani wake, wakata tiketi, mapointimani, madereva na mafundi wa karakana, wapagazi wa jukwaani, magenge ya kutunza njia, na wahudumu wa mabehewa ya kulala. Kwa muda mrefu nafasi za juu zilikuwa za Wazungu, ofisi nyingi za Wahindi, na kazi nzito za Waafrika. Mabehewa yalifuata mpangilio huohuo. Daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu na la tatu la Waafrika, na hakuna aliyehitaji tangazo ukutani kuelewa. Vitanda vizuri vya reli vilikuwepo, ila wengi wa walioijenga hawakuvilalia.

1948–1977: Enzi ya Afrika Mashariki

Mwaka 1948 reli na bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa katika East African Railways and Harbours, makao makuu yakiwa Nairobi. Waliosafiri enzi hizo hukumbuka hasa usafi na chakula: wahudumu waliovaa koti jeupe, vyombo vyenye nembo ya reli mezani, behewa la chakula likiyumba. Shirika lilikuwa na idara ya chakula na hoteli, na kiwango chake kilikuwa cha kujivunia. Mwaka 1950 tawi la Mpanda lilifunguliwa kutoka Kaliua, kwa ajili ya madini ya risasi.

Lakini kiwango hicho kiliwekwa kwa mshahara mdogo. Chama cha wafanyakazi Waafrika wa reli, TRAU, kilikuwa kati ya vyama vyenye nguvu zaidi nchini, na mgomo wake mrefu wa mwaka 1960 ulitikisa shughuli za reli mwaka mmoja na ushei kabla ya uhuru. Katika kumbukumbu za reli hii mgomo huo unastahili nafasi sawa na kufika kwa treni ya kwanza. Ndio uliodai kwamba anayemtandikia abiria kitanda naye alale pazuri.

Mwezi Julai mwaka huohuo stesheni ilipata mtihani wa aina nyingine. Kongo ilikuwa imepata uhuru Juni 30, jeshi likaasi, na Wabelgiji kwa mamia wakavuka ziwa kwa hofu hadi Kigoma. Mji ulijaa. Ghala kubwa la mizigo ya Kongo liligeuzwa kuwa bweni. Mwingereza kijana, Jane Goodall, alikuwa amefika mjini akisubiri kwenda Gombe kuanza utafiti wake wa sokwe. Yeye na mama yake walijiunga na watu wa mji kuandaa mikate ya nyama ya kopo, karibu vipande elfu mbili, kwa ajili ya wakimbizi. Baada ya siku chache treni za ziada ziliwachukua wengi wao kwenda Dar es Salaam. Julai 14 Goodall alishuka Gombe, na dunia ikakumbuka hilo tu. Sisi tunakumbuka pia ghala.

Mwaka 1969 reli ilitenganishwa na bandari na kuwa shirika lake, bado chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika 1977 kila nchi ilibaki na kilichokuwa ndani ya mipaka yake. Sisi tulibaki na Reli ya Kati, Liemba na stesheni.

1977–2007: Shirika la Reli Tanzania

Kipindi hiki ndicho ambacho wasafiri wengi walio hai wanakikumbuka, kwa hiyo nitakaa nacho kidogo.

Railway Hotel tatu zilikuwa mikononi mwa Shirika la Reli Tanzania, TRC. Ya Dodoma ilikuwa jirani kabisa na stesheni, hivi kwamba mtu angeweza kuliona behewa lake akiwa mezani. Ya Tabora ilikuwa na veranda pana za kizamani, na viti vyake viliwapokea wageni wa mji mzima, hata wasiosafiri. Ya Kigoma ilikaa ufukweni, vyumba vikilitazama ziwa na milima ya Kongo ng'ambo. Ndiyo iliyokaribia zaidi kuwa hoteli ya stesheni yetu: mtu akishuka kwenye treni iliyochelewa, Liemba ikiwa haijafika, alikwenda huko, akaoga vumbi la siku mbili, akaagiza mgebuka wa kukaanga na kukaa uwanjani akiangalia maji. Haikuwa na marumaru wala lifti. Lakini mandhari yake Midland Grand haikuwahi kuwa nayo.

Hoteli kuu ya shirika, hata hivyo, ilikuwa inatembea. Daraja la kwanza lilikuwa na chumba cha vitanda viwili na sinki dogo la kunawia. La pili lilikuwa na vitanda sita, vitatu kila upande. Mchana kitanda cha kati kilikunjwa kikawa egemeo la mgongo, na watu sita wakakaa wakitazamana. Wanaume na wanawake walitenganishwa, isipokuwa familia au kundi lililokata tiketi za chumba kizima. Jioni mhudumu alipita na mashuka na blanketi, akagonga mlango, akahesabu. Kisha ikaanza shughuli ya kukubaliana nani alale juu. Vijana walipandishwa, wazee wakaachiwa kitanda cha chini, na mama mwenye mtoto hakuulizwa. Wageni waliokutana siku hiyo wakawa wanaitana baba mdogo na dada kabla ya Morogoro.

Usiku mhudumu alipita tena akisema, "Fungeni madirisha, jamani, tunaingia stesheni," kwa sababu mikono ya wezi ilikuwa inajua njia. Kipande cha ubao kiliwekwa kukaza dirisha. Waliosafiri daraja la tatu hawakuwa na kitanda, wala hawakukosa usingizi: walilala wameegemeana, miguu juu ya mabegi, mtoto chini ya kiti juu ya kanga.

Chakula kilikuwa cha aina mbili. Behewa la chakula lilitoa wali, kuku na chai ya maziwa, na bia ya baridi pale friji ilipokubali. Lakini wajuzi waliweka njaa yao hadi Saranda, stesheni ndogo ya Singida, ambako kuku wa kuchoma walipandishwa madirishani kwa mabeseni. Tabora ilikuja na asali. Safari ya kurudi ilikuwa zamu ya Kigoma: dagaa, migebuka mikavu na madebe ya mawese yaliyojaa chini ya vitanda vyote, kiasi kwamba daraja la kwanza na la tatu zilinukia sawa.

Kipindi hiki pia kilikuwa na machungu. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu, Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma bila breki na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Hakuna historia ya reli hii inayoweza kuandikwa bila tarehe hiyo.

Mabadiliko ya umiliki yaligusa kila sehemu ya malazi. Mwaka 1997 meli za maziwa zilihamishiwa kampuni yake, Marine Services Company. Wakati wa ubinafsishaji Railway Hotel zilitoka mikononi mwa shirika. Ya Kigoma inajulikana sasa kama Lake Tanganyika Hotel. Kwa hiyo mnyororo ule wa kulala chini ya dari moja ulikatika kabla ya karne kwisha, na hakuna aliyefanya sherehe ya kuuaga.

Jedwali la matukio makuu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1905 | Ujenzi wa Reli ya Kati waanza Dar es Salaam |
| 1907 | Reli yafika Morogoro |
| 1912 | Reli yafika Tabora |
| 1 Februari 1914 | Reli yafika Kigoma |
| 5 Februari 1915 | Goetzen yateremshwa majini |
| Julai 1916 | Goetzen yazamishwa. Wabelgiji waingia Kigoma |
| 1921 | Kigoma yakabidhiwa Waingereza |
| 1927 | Meli yarudi kazini kama Liemba |
| 1928 | Tawi la Tabora–Mwanza lafunguliwa |
| 1948 | East African Railways and Harbours yaanzishwa |
| 1950 | Tawi la Kaliua–Mpanda |
| 1960 | Mgomo wa TRAU. Wakimbizi wa Kongo wapokewa Kigoma |
| 1977 | Shirika la Reli Tanzania (TRC) laanzishwa |
| 1997 | Huduma za meli zatenganishwa na reli |
| 2007 | Reli yakodishwa. Tanzania Railways Limited (TRL) yaanza |
| 2015 | Treni ya Deluxe. Wakimbizi wa Burundi wapokewa |
| 2017 | Shirika la Reli Tanzania larudi kwa sheria mpya |
| 2022 | Mkataba wa reli ya kisasa Tabora–Kigoma |

2007 hadi sasa

Mwaka 2007 reli ilikodishwa kwa kampuni ya RITES ya India kwa ubia na serikali, kwa jina la TRL. Ubia huo haukudumu. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko ya Kilosa yalikula tuta na madaraja, na treni za Kigoma zikasimama kwa miezi. Kipindi hicho basi lilijifunza njia. Daraja la Malagarasi na lami zilipokamilika vipande kwa vipande, abiria mwenye haraka alianza kuipa stesheni mgongo. Uamuzi wake ni halali kabisa. Basi linafika kesho. Lakini basi halina kitanda.

Aprili 2015 TRL ilizindua treni ya Deluxe kwenda Kigoma, mabehewa mapya, viti vizuri na vitanda vya kulala. Mwezi uliofuata Kigoma ilipokea wageni ambao hawakukata tiketi. Maelfu ya Warundi walikimbilia kijiji cha Kagunga, kaskazini ya Gombe, penye nafasi finyu kati ya mlima na maji, na kipindupindu kikaingia. MV Liemba, meli ile ya masanduku 5,000, ikiwa na umri wa miaka mia moja, ilikwenda na kurudi ikiwaleta Kigoma, ambako Uwanja wa Lake Tanganyika uligeuzwa kuwa mapokezi kabla hawajapelekwa Nyarugusu. Aliyesoma habari za ghala la 1960 atauona mfanano bila kuonyeshwa.

Sheria ya Reli ya 2017 ilirudisha Shirika la Reli Tanzania. Tangu katikati ya 2024 treni za umeme za reli mpya ya kisasa zinakwenda Dar es Salaam hadi Dodoma, na ile ya haraka hutumia chini ya saa nne kwa safari ambayo kwa reli ya zamani ilikula usiku mzima. Desemba 2022 mkataba wa kilomita 506 za reli hiyo kutoka Tabora hadi Kigoma ulisainiwa, kwa gharama ya zaidi ya dola bilioni 2.2 za Marekani, na Januari 2025 ukafuata wa tawi la Uvinza kwenda Musongati, Burundi. Wabelgiji wa 1921 walilipia faranga moja ili mizigo ya Burundi ipite hapa. Bei imepanda.

Kasi hiyo inaleta swali ambalo wapanga mipango wa stesheni mpya watalazimika kulijibu. Mtu atakayetoka Dar es Salaam alfajiri na kufika ziwani usiku hatahitaji kitanda cha behewani. Atakihitaji akifika, karibu na reli, hasa kama anaendelea Kalemie au Bujumbura kwa meli ya asubuhi. Mwandishi huyu angependekeza hoteli hiyo iwe ndani ya lile jengo la matao la 1914, ofisi zikihamia kwenye stesheni mpya: vyumba ghorofani, mgahawa chini penye kivuli, na mgebuka kwenye orodha ya chakula. Kuta zipo, kivuli kipo, na ghuba ipo hatua chache mbele ya mlango. Tokyo na London zimeonyesha kwamba kazi hiyo inalipa. Kwa sasa treni ya reli ya zamani bado inaondoka, daraja la pili kulala bado lina vitanda sita, na anayetaka kitanda cha chini inafaa awahi dirishani.